Kibandiko cha Kubadilishia

Hapa kwetu Ísafjörður, mji mdogo wa wavuvi, ukisema umeandika kitabu, watu wanakujibu, "Hata wewe?" kisha wanaendelea kumenya viazi. Kila nyumba ina mwandishi, na isiyo na mwandishi ina mtu anayesema angeandika kama angepata nafasi. Kwa hiyo nilipochapisha riwaya yangu ya upelelezi kwa mfuko wangu mwenyewe, baada ya wachapishaji wa mji mkuu, Reykjavík, kunikataa kwa maneno matamu, sikutegemea vigelegele. Nilitaka msomaji mmoja tu, naye ni mama.

Mama yangu, Guðlaug, alikata samaki kiwandani mpaka alipostaafu, na muda wote huo alisoma hadithi za mauaji. Mkesha wa Krismasi, watu wakishakula na kufungua zawadi, yeye hupanda kitandani na kitabu kipya na boksi la chokoleti. Asubuhi anakwambia muuaji alikuwa nani na mwandishi aliharibu wapi. Hana huruma. Mimi ameniambia tangu utotoni kwamba najua kuanza tu. Nilianza ualimu nikaacha, nikaanza ndoa nikaacha, na kila mara alisema, "Haya, Steina," kwa sauti ya mtu aliyeshinda dau.

Sasa macho yake yanakufa. Daktari alituambia kabla ya majira ya baridi kwamba theluji ikiyeyuka, mama hataweza tena kusoma kitabu. Krismasi hii ndiyo ilikuwa ya mwisho kwake kusoma, na mimi nikaapa kwamba kitabu atakachokisoma kitakuwa changu. Atakimaliza, na atasema neno moja zuri kabla giza halijamfikia. Ndiyo maana nilichapisha mbiombio. Wanaosema nina kiburi hawajakosea.

Desemba nzima tulikaa meza moja sokoni, sisi waandishi tusio na mchapishaji. Mwalimu wa hesabu alikuwa na majoka yake yanayotema moto, mke wa mchungaji alikuwa na majasusi wake wanaokatana koo, mimi na maiti yangu, na Brandur, mstaafu wa posta, na kitabu cha watoto. Wateja walikuwa wachache, tukaishia kununuliana wenyewe kwa wenyewe kama watoto wanaocheza duka. Kitabu cha Brandur kilihusu kondoo aliyekataa kushuka mlimani wakati wa vuli, mifugo inaporudishwa zizini. Picha alichora mwenyewe, na herufi zilikuwa kubwa kama za bango la barabarani.

"Brandur, huyu ni kondoo au godoro?" nilimuuliza.

"Kondoo, bibie. Ila amenenepa."

"Na maneno yenyewe ndiyo haya tu?"

"Yanatosha. Kondoo si msemaji."

Wenzangu walicheka, na mimi nikazidi kumchokoza mpaka Krismasi inakaribia. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Dagbjört, mwenye duka la vitabu, alikubali kutuwekea vitabu vyetu kwenye rafu ya karibu na mlango. Vitabu vya zawadi za Krismasi hubandikwa kibandiko kidogo nyuma, ili aliyepewa nakala mbili, au asiyependa alichopewa, akirudishe dukani baada ya sikukuu na kuchukua kingine. Cha mama nilikibandika kwa mkono wangu, huku nikimweleza Dagbjört kwamba nataka kiwe cha mwisho atakachosoma, na Brandur akaniona.

"Hata cha mama yako?"

"Hata chake. Kitabu kisicho na kibandiko ni kama mgeni anayekushika mkono asikuachie. Sitaki adhani namwomba."

"Mimi nisingekibandika," alisema, akaendelea kupanga kondoo wake.

Mkesha ukafika. Kengele za kanisa zililia redioni, tukala nyama ya kondoo ya moshi, kisha nikampa mama zawadi yake. Aliifungua taratibu, akaleta jalada karibu kabisa na pua, akasoma jina langu.

"Umekimaliza?" aliuliza.

"Nimekimaliza, mama."

Akakigeuza, akapapasa nyuma kwa kidole gumba. "Na kibandiko kipo. Umefanya vizuri." Kisha akaomba arudishwe mapema kwenye nyumba ya wazee anakoishi, kitabu kikiwa kwapani na chokoleti mkobani. Nilimpeleka nikiwa kama msichana anayesubiri matokeo ya mtihani.

Siku ya pili hakusema kitu. Ya tatu hali kadhalika. Tulizungumza kwa simu juu ya theluji, juu ya jirani yake anayekoroma, juu ya kahawa yao isiyo na ladha. Mimi sikuuliza. Kuuliza kungekuwa kuomba, na sikuwa nimehangaika na kile kibandiko ili nije kuomba kwa simu.

Duka lilipofunguliwa baada ya sikukuu, nilikwenda kuangalia rafu yetu. Dagbjört aliponiona aliinama chini ya kaunta kama mtu aliyedondosha sarafu, akachelewa kuinuka.

"Steina, kuna kimoja kimerudi," alisema.

Nilikitambua kabla hajakiweka mezani. Ndani, ukurasa wa kwanza, kulikuwa na mwandiko wangu: Kwa mama, aliyenifundisha nisimwamini mtu kabla ya ukurasa wa mwisho.

"Kaleta nani?"

"Mwenyewe. Alikuja na teksi, na barabara imejaa barafu hivi. Kwa haki nisingekipokea, maana kimeandikwa ndani na kina madoa ya chokoleti. Lakini mama yako unamjua."

"Kachukua nini badala yake?"

Dagbjört alitazama dirishani. "Cha Brandur."

Kama angechukua kitabu cha mtu mashuhuri wa Reykjavík, ningeumia na yangekwisha. Lakini kondoo godoro? Nilisimama pale nikipekua kitabu changu. Chokoleti ilikuwa mwanzoni, ilikuwa katikati, na kwenye ukurasa wa mwisho, pale muuaji anapofungwa pingu, kulikuwa na alama nzima ya kidole gumba. Alikisoma chote. Angekitupa bila kukifungua ningeweza kumchukia kwa raha. Sasa hata hilo nilinyimwa.

Nilimkuta ameketi kitini kwake, blanketi magotini, kitabu cha Brandur kwenye meza ndogo.

"Umerudisha kitabu changu, mama."

"Nimekibadilisha. Kibandiko kilikuwa cha nini?"

"Na umekisoma chote. Usikatae, nimeona madoa."

"Nikatae kwa nini? Nimekisoma kwa kioo cha kukuzia, siku mbili. Macho yalinitoka machozi kwa uchovu." Alivuta blanketi juu kidogo. "Unaandika vizuri, Steina. Sikujua. Na muuaji sikumkamata. Nilimshuku yule daktari wa kitabuni mpaka mwisho."

Nilikaa kitandani kwake. Maneno hayo niliyasubiri tangu nina meno ya utoto, na sasa yalikuja yakiwa yamefungwa kwenye kitu kingine ambacho sikukijua bado.

"Sasa mbona hukutaka kukaa nacho?"

"Yule bibi anayeuawa mwanzoni," alisema. "Anasoma kitandani. Anakula chokoleti. Ana ulimi kama kisu cha samaki. Ukambadilisha jina, ukampeleka pwani ya mashariki, ukadhani nitampita njiani nisimjue."

"Ni hadithi tu, mama."

"We mtoto, mimi unifundishe hadithi ni nini? Nimesoma maiti nyingi kuliko samaki niliowakata. Kuuawa hakukuniudhi. Hata kisu kile kilikuwa kizuri." Aliinua uso, lakini macho yake yalitua pembeni yangu, kwenye pazia. "Nilisoma mpaka mwisho nikitafuta kitu kimoja. Nilitaka kuona nani atalia. Polisi hakulia, sawa, ni kazi yake. Majirani hawakulia. Lakini bibi yule ana binti, Steina. Binti anafika, anauliza funguo za nyumba anazo nani."

Nilitaka kumwambia kwamba katika riwaya za namna hii watu hawalii, kilio kinapunguza mwendo, wahariri wanakikata. Lakini mimi sikuwa na mhariri. Hakuna aliyekata kitu. Nilikiandika kitabu kile miaka na miaka, nikapima kila mlango na kila saa ya kila mshukiwa, na wazo la mtu kulia halikunijia hata mara moja. Kusema uongo niliweza, lakini kwa mtu yule, ambaye hakuwahi kukosa muuaji ila mara hii, ningejidanganya mwenyewe.

"Ndiyo nikakipeleka," alisema. "Sitaki kulala nacho chumba kimoja."

"Na cha Brandur umekisoma?"

"Sijakisoma. Nilichukua kwa ajili ya herufi, nikidhani hizo nitaziweza. Nimefika hapa nimekifungua, naona mistari myeusi tu inatambaa. Chako kimemaliza kilichobaki." Hakulisema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Ulitaka kiwe cha mwisho, si ndiyo? Binti wa Dagbjört anafanya kazi hapa, na ana mdomo. Basi kimekuwa cha mwisho."

Nje taa za barabarani zilikuwa zinawaka ingawa ilikuwa mchana. Huku kwetu wakati huo jua halivuki mlima. Mama alinyoosha mkono, akapapasa meza mpaka akakipata kitabu cha watoto, akanisukumia.

"Haya, Steina. Nisomee."

Nikasoma. Kondoo alikataa kushuka. Wenzake wakashuka, yeye akabaki juu anakula majani ya mwisho, mnene, mbishi, peke yake. Theluji ikaanguka. Kwenye ukurasa wa tatu watu wakahesabu mifugo zizini, wakamkosa, na bonde zima, kuanzia mwenye kondoo mpaka mchungaji wa kanisa, likakaa chini kumlilia.

Mama alikuwa amefumba macho.

"Rudia hapo," alisema.

Nikarudia.