Sura ya Sita ya Castory

Castory alishindwa kuandika sura ya sita. Hakuwa mgonjwa, kalamu anazo, na muda alikuwa nao wa kumwaga. Serikali ilikuwa imefunga ziwa ili samaki wazaliane, mitumbwi pale ufukweni Kibirizi imelazwa kifudifudi, na yeye aliyelalamika miaka yote kwamba uvuvi unamnyima nafasi ya kuandika, sasa alikaa mezani nyumbani kwake Rusimbi tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri bila kupata mstari mmoja.

Alikuwa na hasira. Aliwakasirikia kuku kwa kelele, akaikasirikia meza kwa kuyumba, na mwisho akamkasirikia Mungu mwenyewe, maana kazi ilikuwa Yake. Kitabu kilihusu maisha ya mdogo wake Bariki, mvuvi na mwimbaji wa kwaya, aliyekufa maji miaka mitatu iliyopita. Castory aliishia darasa la tano, lakini mkono wa kuandika alipewa. Nusu ya nyimbo za kwaya yao alizitunga na kuzifundisha yeye. Kamati ya vitabu ya kanisa ilikubali kukichapa kitabu, mradi kiishe kabla ziwa halijafunguliwa. Sura tano zilitoka kwa mkupuo. Ya sita ilikuwa ya dhoruba.

"Nimefunga siku tatu," alimwambia mkewe Frida. "Nimepiga magoti mpaka yamechubuka. Ananiangalia tu."

Frida alikuwa anachambua maharage. "Umemwomba nini?"

"Maneno."

"Maneno unayo, Baba Wema. Ungekuwa huna, humu ndani tungepumzika."

Alhamisi akaja Mzee Thobias, mwenyekiti wa kamati. Akaketi, akafungua daftari, akalifunga.

"Sasa ugumu uko wapi hapa? Andika dhoruba ilikuja, Bariki akaimba wimbo wake wa mwisho, Bwana akampokea. Ukurasa mmoja. Watu wanataka kutiwa moyo."

"Hakuimba, Mzee. Alikuwa anachota maji mtumbwini kwa ndoo. Anayechota maji haimbi."

"Nani atakuuliza?"

"Nitajiuliza mimi."

Thobias akacheka kidogo. "Darasa la tano hili linabishana na kamati. Jumatatu nataka daftari langu. Sura hiyo ikiwa tupu, wapo vijana wenye vyeti wataiandika vizuri zaidi."

Alipotoka, Castory alilibamiza daftari ukutani. Frida aliliokota, akalifuta vumbi kwa kanga, akaliweka mezani mbele yake, akakaa na ungo wake wa maharage.

"Kuna nini kwenye hii sura?" aliuliza. "Usiniambie dhoruba. Dhoruba naijua."

Castory akalisema, kwa ukali, kana kwamba Frida ndiye aliyekosa.

Uvuvi wao wa dagaa ni wa mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa miti na kamba, wavu ukiwa katikati. Upepo wa upande wa Kongo ukichafuka, nahodha anakata kamba ili kila mtumbwi upambane peke yake. Lakini kambi yao ilikuwa na desturi: hakati mtu kabla hajawaita kwa majina walio mtumbwi wa pili, na kila mmoja aitike. Akiitika, maana yake ameketi na kushika kafi, kwa sababu kamba ikikatika mtumbwi unaruka kama ng'ombe aliyefunguliwa.

"Nahodha nilikuwa mimi," alisema Castory. "Nilikata bila kuita, na wenzetu wakadhani upepo umemeza sauti yangu. Niliogopa. Bariki alikuwa mtumbwi wa pili, amesimama na ndoo yake."

"Miaka mitatu," Frida alisema taratibu, "umelala kando yangu na jambo hili."

"Ndiyo."

"Halafu unamgombeza Mungu kwamba hakupi maneno. Castory, ulikuwa unamwomba akusaidie kudanganya, akakataa. Mimi ningekuzaba kofi." Akainuka na ungo wake. "Andika. Na kabla hujampelekea Thobias, mpelekee mjane wa Bariki."

Siku hiyo hakupiga magoti. Alisema tu, akiwa amekaa, meno yameumana, "Haya. Shika huu mkono." Akaandika. Aliandika Ijumaa yote na Jumamosi mpaka mchana, kwa hasira iliyotoboa karatasi sehemu mbili. Hakuweka wimbo. Hakuweka malaika. Aliweka kisu, ndoo, na jina la mdogo wake ambalo hakuliita.

Jumamosi jioni, jua bado liko juu, alifika Buzebazeba kwa Restituta, mjane wa Bariki. Alimkuta uani, chanja zake za kuanikia dagaa zimekaa tupu, anafunga vitunguu mafungu.

"Karibu shemeji. Leo umekuja na daftari kama mtoto wa shule?"

"Nimekuja na sura ya sita. Nataka uisikie wewe kwanza."

Alimsomea yote, kurasa kumi na moja. Restituta hakulia. Alisema, "Rudia pale pa kuita majina."

Akarudia.

"Kwa hiyo hakujua kama unakata."

"Hakujua."

Restituta akaweka kitunguu chini. "Unajua mimi nimewaambia nini watoto? Nimewaambia baba yao alikuwa mzembe. Alisimama wakati wenzake wamekaa. Miaka mitatu nimemtukana marehemu ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wewe unakuja hapa kila Pasaka na sukari, unanisikiliza."

Kwa mara ya kwanza tangu ziwa lifungwe, hasira ilimtoka Castory, na kilichobaki kilikuwa kizito kuliko hasira.

"Usibadilishe hata neno," alisema Restituta. "Niachie daftari, Jumatatu asubuhi utalikuta kwa Frida. Na hapa kwangu usikanyage tena."

Jumatatu mchana Mzee Thobias aliisoma sura ile akiwa amesimama, akamrudishia Castory daftari mkononi. Kamati haikukichapa kitabu, lakini habari ilienea.

Gharama ya sura hiyo ilikuwa hivi. Kwaya ilimwondoa katika ualimu wa nyimbo. Ziwa lilipofunguliwa, wavuvi wake wanne kati ya saba walihamia vyombo vingine. Hawakutaka nahodha asiyeita. Frida alilala chumba cha watoto wiki mbili, akarudi. Restituta alikuwa ameipeleka sura kwenye stationari moja mtaani Mwanga, akatoa nakala tatu, moja kwa kila mtoto, na mlango wake haujafunguka kwa Castory mpaka leo. Watoto wawili wakubwa wa Bariki wanampita njiani kana kwamba yeye ni nguzo. Wa tatu, Julius, humwamkia, "Shikamoo, baba mkubwa," akiwa upande wa pili wa barabara, na havuki.

Yote hayo kwa kurasa kumi na moja.