Mteja Ni Mimi

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Alikuwa fundi cherehani wa miaka hamsini na tatu, mshonaji wa sare za shule, mwenye macho makali na ulimi usio na breki. Hakuwa na mume wala mtoto, na aliyejaribu kumhurumia kwa hilo alijibiwa papo hapo, tena mbele za watu.

Jambo ambalo mtaa haukulijua ni kwamba Shangazi alikuwa mcheza gemu. Yalianza miaka miwili nyuma, binti wa mdogo wake alipokuja kukaa naye wakati wa likizo na kompyuta yake ya kukunja. Siku moja msichana akamwonyesha gemu ya mbio za magari. Shangazi alikuwa amekanyaga pedali ya cherehani kwa miaka thelathini bila kusogea hata hatua moja. Akajaribu mara moja tu, ili kumridhisha mtoto. Baada ya saa tatu, mtoto ndiye aliyekuwa anaomba zamu yake.

Likizo ikaisha, msichana akaenda mbali kusomea uuguzi. Wakakubaliana kwamba kila Jumapili watashindana kwa njia ya mtandao. Lakini simu ya Shangazi haikuiweza kazi hiyo. Ilichemka kama pasi, na gari likifika kwenye kona picha inaganda, ikizinduka gari liko mtaroni. Shangazi akaapa kununua kompyuta yake mwenyewe, tena ya gemu hasa, siyo ya kuandikia barua.

Aliweka akiba miezi mitano, na miezi hiyohiyo akasoma. Huku anakata kitambaa, simu imeegeshwa kwenye kopo la vifungo, anasikiliza mafundi wakieleza kifaa kimoja kimoja. Haikumchukua muda kuona kwamba mambo hayakutofautiana sana na ya kwake. Kitambaa kikiwa kidogo, lazima uamue mapema wapi hupunguzi. Yeye hakutaka kupunguza kwenye kadi ya picha, maana ndiyo inayochora barabara na magari. Karibu nusu ya pesa akaitengea hiyo. Prosesa, ule ubongo wa mashine, akachagua ya kati. Vijiti vya kumbukumbu, viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa, kwa sababu viwili hufanya kazi kwa kusaidiana. Pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme kwa vifaa vyote, iwe ya wati mia tano na hamsini na ya kampuni inayojulikana, maana ile mbovu ikiungua huenda na wenzake. Taa za urembo hakuzitaka hata moja. Kasha la kufungia vifaa, lolote, hata baya. Yote hayo akayaandika kwa kalamu ya wino kwenye kipande cha karatasi ya kuchorea vipimo vya nguo.

Siku ya kwenda dukani alimwomba mdogo wake ampeleke. Huyu ndiye baba wa yule msichana, karani wa idara ya maji, mtu mpole mwenye tai fupi na gari kuukuu. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kuendesha na kubeba maboksi, basi.

Duka lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya benki, na ndani mlikuwa na baridi ya kiyoyozi na harufu ya plastiki mpya. Muuzaji alivaa fulana iliyoandikwa INJINIA kifuani. Alitoka nyuma ya kaunta akiwa amenyoosha mkono, akampita Shangazi kama unavyopitwa mlango uliokwisha kufunguliwa, akamshika mkono karani.

"Karibu mzee wangu. Tukusaidie nini?"

"Ni dada yangu hapa," karani akasema. "Anataka kompyuta ya gemu."

"Ahaa! Mama anamnunulia kijana."

"Kijana yupi?" Shangazi akauliza.

"Si huyo atakayecheza?"

"Atakayecheza ni mimi."

Injinia akacheka kwa adabu, kama mtu aliyesikia utani wa mgonjwa, akamgeukia tena karani. Akawaonyesha kasha la kioo lililokuwa linawaka kama ukumbi wa harusi. "Hii, mzee, inabadilisha rangi kumi na sita."

"Ndani ina nini?" Shangazi akauliza.

"Ndani ina kila kitu, mama."

"Hicho kila kitu kina wati ngapi?"

"Za kutosha," Injinia akamjibu karani, na karani, mtu asiyejua hata kuwasha mashine ya kutolea nakala ofisini kwake, akatikisa kichwa kana kwamba ndiye aliyeuliza.

Shangazi akajikaza. Akafungua mkoba, akatandaza karatasi yake juu ya kaunta. Injinia akaisoma kutoka juu hadi chini, kisha akarudi juu.

"Nani amekuandikia hii?"

"Mkono huu hapa."

Injinia alijaribu kila mlango. Akasema kadi ile ni kubwa mno kwa mtu anayeanza. Akasema wati zile ni za kupoteza pesa, bora aongeze kidogo apate kasha lenye taa. Kila neno alilielekeza kwa karani, na kila jibu likatoka kwa Shangazi, mpaka karani akawa anayumbisha shingo kama mtazamaji wa mpira. Mwishowe Injinia akainua mikono na kuandika risiti, kifaa kimoja kimoja, jina na namba yake. Kuunga, akasema, ni bure, ila lazima kufanywe na duka, la sivyo dhamana inakufa. Shangazi hakulipenda hilo, lakini akakubali, akalipa taslimu.

"Namba ya simu, mzee?" Injinia akauliza.

Wakati huo Shangazi alikuwa ameshika boksi la kadi ya picha, miwani puani, anasoma maandishi madogo. Hakusikia. Karani akataja namba yake mwenyewe.

Baada ya siku tatu waliitwa kuchukua mzigo. Kitu cha kwanza Shangazi alichokiona kilikuwa mwanga: kasha lilikuwa linawaka nyekundu, kisha kijani, kisha zambarau.

"Taa hizi nimeziagiza lini?"

"Ofa ya duka, mama. Tumekupendelea."

"Fungua ubavu."

"Nikifungua, stika ya dhamana inachanika."

"Utabandika nyingine. Stika unazo bunda zima hapo karibu na kikokotoo."

Injinia akamtazama karani kuomba msaada. Karani akatazama dari. Skrubu zikafunguliwa.

Shangazi akabadilisha miwani, akavaa ile ya kazi, akainama. Pawasaplai haikuwa na jina la kampuni wala la mtu, ilikuwa bati tupu lenye karatasi ya wati mia tatu. Na kadi ya picha ilikuwa nyingine kabisa. Vichwa vya skrubu zake vilikuwa vimekwaruzwa. Kwenye mizizi ya mapanga ya feni mlikuwa na vumbi jeusi lililoshikana, na lebo yake ilikuwa na ukingo wa pili wa gundi, umekaa upande kidogo, kama pindo lililokunjwa juu ya pindo la zamani.

"Hii imefumuliwa," akasema.

"Imefanyaje?"

"Imefumuliwa ikashonwa upya. Imetumika mpaka imechoka, mmeipangusa, mmeibandika lebo. Miaka thelathini watu wananiletea suruali za mtumba, wananiambia ni mpya, nipunguze kiuno tu. Mimi naona tundu la sindano ya kwanza, sembuse hili."

Injinia akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza akaonekana kuchoka. Akamgeukia karani. "Mzee, si tulielewana? Si nilikupigia juzi ukakubali?"

Shangazi akainuka kutoka kwenye kasha.

"Alikupigia?" Shangazi akamuuliza mdogo wake.

Karani akalegeza tai. "Alisema ile kadi yako imeisha, na pawasaplai pia. Akasema hizi ni nzuri zaidi, na bei haibadiliki. Nikaona... una oda ya sare, dada. Nikaona nisikusumbue."

"Usinisumbue."

Alilirudia neno hilo taratibu, na lilimchoma kuliko kadi. Shangazi ndiye aliyemlea huyu tangu mama yao alipofariki, yeye akiwa na miaka kumi na tisa na huyu minane. Mashati yake ya kwanza ya shule yalikatwa kutoka kwenye koti la baba yao, kwa mkono, kabla cherehani haijapatikana. Miezi mitano amekaa akipanga na kupangua, akijinyima hata kubadilisha feni ya chumbani, na mtu mmoja amesema "sawa" kwenye simu, pengine huku anagonga muhuri, akidhani anamfanyia wema. Wizi wa muuzaji aliuelewa. Muuzaji alitaka faida. Lakini huyu wake mwenyewe alitaka nini?

Alijua akimjibu pale atasema maneno yasiyorudi. Akamgeukia Injinia.

"Mteja ni mimi. Pesa imetoka mkononi mwangu. Wewe umekwenda kumuuliza dereva. Sasa soma risiti. Kadi gani imeandikwa hapo?"

Injinia hakusoma.

"Basi nasoma mimi." Akasoma jina, namba na wati, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngazi. "Nipe kilichoandikwa."

"Kimeisha, mama."

"Nipe pesa yangu."

"Pesa ikishaingia hairudi. Imeandikwa ukutani pale."

"Na hii iliyo mkononi mwangu imeandikwa kwa kalamu yako."

Injinia akakunja mikono. Shangazi akachukua kigoda cha plastiki cha wateja, akakiweka katikati ya mlango, akakaa, risiti mapajani. Akaingia mwanamume na binti yake. "Karibuni," Shangazi akawaambia, "mkinunua fungueni ubavu kwanza. Njooni niwaonyeshe wa kwangu." Wakaonyeshwa, wakashukuru, wakashuka ngazi. Akaja mwalimu aliyetaka printa. Naye akaonyeshwa, ingawa printa haina kadi ya picha. Alipoondoka wa nne, Injinia akampigia mwenye duka.

Akaongea kwa kunong'ona, kisha akamnyooshea karani simu. "Bosi anataka kuongea na mzee."

Karani akaitazama ile simu. Akamtazama dada yake pale mlangoni, mgongo umenyooka, hageuki. Akaipokea, akasema, "Siyo mimi. Mimi nimekuja kubeba maboksi, na nilijibu jambo nisilolijua. Mwenye mali ni dada yangu. Ongea naye." Akamletea simu kwa mikono miwili.

Shangazi alizungumza dakika mbili, hakutukana. Alimsomea mwenye duka risiti, akamweleza vumbi, gundi na bati lisilo na jina, akamwambia kwamba hapo mlangoni pana upepo mzuri na anaweza kukaa mpaka mwisho wa wiki. Mwenye duka akaomba arudishiwe Injinia. Muda si muda pesa ikarudi yote, na Injinia aliihesabu mara mbili bila kuinua uso.

Walipofika chini karani akafungua mlango wa gari. Shangazi akaupita. Akaenda nyumbani kwa miguu, mwendo wa karibu saa nzima, gari likimfuata nyuma polepole mpaka kwenye makutano, halafu likakata tamaa.

Kwa siku kumi hakupokea simu za mdogo wake. Alinunua vifaa mwenyewe, kimoja hapa, kingine kule, kila boksi akilifungua mbele ya muuzaji. Kadi ilikuwa imepanda bei kidogo, ikabidi afidie kwenye kasha. Akapata la kijivu lililobonyea kona, likauzwa kwa bei ya kutupa. Skrini akanunua iliyotumika, na muuzaji wake alikiri tangu mwanzo kwamba imetumika.

Jumamosi asubuhi karani akabisha hodi. Hakuvaa tai.

"Dada, nimekuja kuomba radhi."

"Ya nini? Kitaje."

"Nilijibu kwa niaba yako."

"Na?"

"Na hukuniomba. Nilidhani nakusaidia. Ukweli ni kwamba niliona aibu kumwambia yule mtu kwamba sijui, nimuulize dada."

Shangazi akaanza kuondoa vitambaa mezani. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini ilikuwa imepata pa kukaa. "Nawa mikono," akasema. "Kausha vizuri. Sitaki unyevu mezani kwangu."

Waliunga kwenye meza ya kukatia. Nyuzi zilifagiliwa, pini zote zikahesabiwa na kufungiwa, maana pini moja ndani ya kasha ni maafa. Karani alishika tochi na kusoma kijitabu cha maelekezo. Shangazi akapachika prosesa kwa ncha za vidole, kama anavyotia uzi kwenye sindano nyembamba. Kufikia saa saba mchana nyaya zote zilikuwa mahali pake. Akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

"Labda tuite fun..." karani akaanza, akaona jicho, akalimeza neno lililobaki.

Shangazi akazima, akachomoa waya wa umeme, akapitia kila kiungo kwa kidole. Kijiti kimoja cha kumbukumbu kilikuwa kimesimama juu kidogo ya mwenzake, unene wa kucha. Aliogopa kukivunja, ndiyo maana hakukikandamiza. Sasa akakikandamiza mpaka kikalia *ta!* Akawasha tena. Skrini ikapepesa, maandishi yakatokea.

"Tumeweza!" karani akapiga kelele.

"Tumeweza nani na nani?"

Karani akashusha tochi.

"Ulishika tochi vizuri," Shangazi akasema. "Haikutikisika hata kidogo. Hilo nitalisema popote."

Jumapili jioni alivaa vidude vya masikioni, binti wa mdogo wake akiwa upande wa pili, magari ishirini yamepangwa kwenye mstari. Barabara ilikuwa safi, hata kokoto zilionekana. Shangazi alitoka vizuri, akawapita watano, akawa wa tisa. Kwenye kona ya mwisho gari jekundu likaja kwa ndani, likamsukuma hadi kwenye majani. Akamaliza wa kumi na nane.

"Umemwona?" akafoka, akainuka kwenye kiti. "Umemwona yule? Amenigonga makusudi! Makusudi kabisa!"

"Ndiyo gemu, shangazi," msichana akajibu, akifa kwa kicheko.

"Gemu gani? Andika jina lake mahali." Akakaa tena, akakisogeza kiti karibu na meza. "Anzisha nyingine."