Miji Aliyoitoa Rais

Usingizi haujui protokali. Humchukua mlinzi wa getini na humchukua Rais, tena Rais humchukua akiwa ameketi, miwani puani, rasimu mapajani, kama inavyomtokea sasa Mheshimiwa Nyamizi Kalunde, Rais wa Jamhuri ya Kisarimba, baada ya chakula cha mchana ambacho hakukigusa. Hajalala tangu Mto Mbwera uvunje kingo zake. Huko bondeni watu wamekaa juu ya mapaa, na mmoja wao ni mama yake mzazi, Bibi Kabula, ambaye simu yake haipatikani tangu jana. Waziri wa Usalama, Bwana Machupa, ameleta rasimu ya tangazo la hali ya hatari, na ameijaza hasa: nchi nzima, si bonde peke yake, watu wasitoke nje jioni, wasikusanyike, washikwe bila kufikishwa mahakamani, mpaka hapo itakapotangazwa vinginevyo. Mwanasheria Mkuu, mzee Hamduni, amenung'unika kwamba mafuriko hayafanyi maandamano, sasa kizuizini anawekwa nani? Kinga ni bora kuliko tiba, amejibu Machupa. Nyamizi amewaomba wamsubiri nje kidogo, kisha atatia saini yote kama yalivyo, maana mama ni mama, na anayeunguliwa na nyumba hachagui ndoo. Anafumba macho ayapumzishe tu.

Zulia linalowa chini ya miguu yake. Anainuka, na ukuta wa ofisi umekuwa mlango, na mlango umekuwa barabara, na barabara inakwenda ikijikunja na kujirudia, na ndani ya moyo wake anajua, kama mtu anavyojua mambo ndotoni bila kuambiwa, kwamba saini ameshaitia na kwamba mwisho wa barabara hii yuko mama yake juu ya paa. Basi anatembea. Kwenye kona ya kwanza kuna kizuizi, gogo jeupe lililolazwa njiani, na mbele ya gogo amesimama mtu aliyevaa sare iliyopigwa pasi vizuri, lakini hana uso, pale pa uso pametandazwa ngozi tupu kama kiganja. Nani kakuweka hapa? anauliza Nyamizi. Kitendawili, anasema yule mtu. Tega, anajibu Nyamizi kwa mazoea ya utotoni, na hapo ndipo anapokosea, maana nani anakubali kutegewa na mtu asiyemjua? Nimefunga mbwa mlangoni awazuie wezi, sasa mwenyewe siwezi kuingia. Nyamizi anafikiri, hapati. Nimeshindwa, anasema. Nipe mji, anasema yule mtu. Nyamizi anatabasamu, maana mchezo huu anaujua, kwao watoto waligawa miji mikubwa mikubwa jioni nzima na asubuhi miji yote ilikuwa palepale. Chukua Sungwi, anasema. Gogo linainuka. Na jibu je? Mchezoni anayepewa mji hutoa jibu. Jibu litatolewa hapo litakapotangazwa, anasema mtu asiye na uso, na Nyamizi anapita, lakini tabasamu limekwisha.

Kona ya pili kuna gogo jingine na sare nyingine, na kiganja kingine pa uso. Nyumba yangu ina mlango wa kuingilia, wa kutokea hauna. Mtego wa panya! anasema Nyamizi upesi, akiwa na hakika. Umekosa, nipe mji. Anatoa Kilindaji. Kona ya tatu anatoa mji mwingine, ya nne anatoa miwili kwa mpigo ili apishwe haraka, mama yake anamsubiri, miji itarudi tu, na barabara inajirudia na kona hazipungui, mpaka anaingia Sungwi yenyewe, mji alioutoa kwanza, akitokea upande wake wa nyuma. Sungwi imekuwa vioo. Kuta vioo, milango vioo, na humo ndani haoni mtu, anajiona yeye, Nyamizi, mara elfu, ameinamia meza anatia saini. Soko liko kimya. Jeneza limewekwa chini katikati ya njia kwa sababu waliotaka kulibeba wangekuwa kusanyiko. Mwanamke mmoja tu amekaa kwenye kizingiti na sufuria ya uji uliopoa, na huyu ana uso, tena uso uliochoka. Naitwa Tabu, anasema. Wamemchukua mume wangu, Mlekwa. Kafanya nini? anauliza Nyamizi. Hana alichofanya, anasema Tabu. Ana mtumbwi. Kasikia bondeni watu wanazama, kautia begani jioni ile aende kuwaokoa, wakamkamata mlangoni, eti katoka nje. Sasa mtumbwi uko kituoni na yeye yuko ndani, na bondeni watu wanapiga kelele, tunawasikia kutoka hapa. Nyamizi anasikiliza, na kweli wanasikika, na sauti moja anaifahamu.

Moyo unampasuka. Anamkimbilia mtu wa sare anayelinda mlango wa kituo, anamwambia mimi ni Rais, mfungulieni Mlekwa sasa hivi, mrudishieni mtumbwi wake. Ndiyo, Mheshimiwa, anasema yule mtu, na hatikisiki. Nimekuamuru! Ndiyo, Mheshimiwa. Anamwendea wa pili, wa tatu, wote ndiyo Mheshimiwa, ndiyo Mheshimiwa, hakuna hata mmoja anayembishia na hakuna hata mmoja anayenyanyua mguu. Mji si wako, Tabu anamwambia taratibu, bila hasira, na hilo ndilo linalouma. Mji umeutoa. Atafutwe nani basi? anauliza Nyamizi. Tabu anatikisa kichwa. Walipouchukua hukuwaambia waurudishe lini.

Nyamizi anakimbia. Vioo vinakimbia naye. Njia inashuka, inageuka matope, na hatimaye anafika ukingoni, na kule ng'ambo, juu ya paa la shule, yuko mama yake, Bibi Kabula, anapunga kanga, na maji yameshafika kwenye kenchi. Mtumbwi hakuna. Kuna gogo la mwisho na mtu wa mwisho asiye na uso, mrefu kuliko wote. Kitendawili, anasema, na mkono ameshaunyoosha kupokea, na Nyamizi anajua mji uliobaki ni upi, ni Mbwera yenyewe, ni bonde pamoja na paa pamoja na mama. Anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake. Midomo inataka kusema tega. Anaiuma. Hapana, anasema, zamu yangu. Kitendawili! Mtu asiye na uso anasita. Haijawahi kutokea atakiwe kujibu. Lakini mchezo ni mchezo, na kutoka mahali pasipo na mdomo linatoka neno, tega. Nyamizi anavuta pumzi. Nimeazima shoka la jirani, kuni nimeshapasua, kazi imekwisha. Sasa nifanye nini? Mtoto yeyote wa Kisarimba angejibu huku anatafuna muhogo. Yule mtu amekaza shingo. Upasue nyingine, anasema. Umekosa. Ulifiche. Umekosa. Ulale nalo, jirani asije akakudhuru. Umekosa, baba, umekosa kabisa, mwenye shoka anarudishiwa shoka lake! Nipe miji yangu!

Na miji inarudi. Gogo linaanguka, magogo yote nyuma yake yanaanguka, yanasikika kona baada ya kona. Vioo vinatiwa ukungu na kugeuka kuta za udongo na chokaa, sokoni wanawake wawili wanaanza kugombana juu ya nyanya zilizooza, na Nyamizi hajawahi kusikia ugomvi mtamu kama huo. Jeneza linainuliwa na watu wengi wanaopokezana. Mlekwa anatoka kituoni akitukana, mtumbwi begani, anapita mbio bila kumsalimu Rais wake, anausukuma majini, anapiga kafi, anakaribia paa, Bibi Kabula ananyoosha mkono, na maji yanampanda Nyamizi miguuni, magotini, kifuani.

Mzee Hamduni anakohoa. Anakohoa tena, maana Rais haguswi. Nyamizi anafumbua macho, na kabla ya lolote anatazama mwisho wa rasimu, mahali pa saini. Hapana kitu. Ni peupe. Alhamdulillahi, anasema, yeye ambaye ni Mkatoliki, na machozi yanamtoka. Machupa naye ameingia, na Nyamizi anamtazama usoni kwa muda mrefu usio wa adabu: ana macho, ana pua, ana chunusi kidevuni. Tunatangaza bonde tu, anasema Rais. Tuchukue malori na mitumbwi, wenyewe walipwe, tuhamishe watu. Mahakama zibaki wazi. Kizuizini asiwekwe mtu. Bunge liitwe, na likikataa, tangazo limekufa. Kwa heshima zote, Mheshimiwa, anasema Machupa, hilo ni kosa kubwa. Nyamizi anamshika mkono. Rudia, anasema. Kosa kubwa, anarudia Machupa, sasa ana wasiwasi. Asante sana, anasema Nyamizi, na anatia saini hayo aliyoyataja na si neno zaidi, na anahema kama mtu aliyetua mzigo.

Saini haijakauka, simu inaletwa: ni Mkuu wa Wilaya ya Mbwera, boti imefika shuleni, mama yupo, mzima, ila hataki kupanda. Mpe simu, anasema Nyamizi. We Nyamizi, anasema Bibi Kabula, waambie hawa, siondoki bila mbuzi wangu. Mama, nimetangaza hali ya hatari, nina mamlaka ya kumhamisha yeyote. Tangaza, mwanangu. Nimekuzaa mimi, mbuzi hawaachwi.

Nyamizi anacheka mpaka miwani inadondoka. Hana hakika kama ameamka. Bado anahisi maji kwenye nyayo, na sauti ya mama iko karibu mno, wazi mno kwa simu ya bondeni. Kama ni ndoto, basi asiamshwe na mtu. Pelekeni boti kubwa zaidi, anasema. Mbuzi hawamo kwenye tangazo, Mheshimiwa, anasema Machupa, na mzee Hamduni, bila kuombwa, ameshashika kalamu. Tuwaingize, anauliza, mpaka lini? Mpaka maji yapungue, anasema Nyamizi. Halafu warudi kwao.