Kufuli la Kaka

Pale kazini walikuwa na mwiko mmoja: ukigusa programu inayoendesha diski, ijaribu kwa kitu ambacho kikipotea utalia. Hapo ndipo mzembe huacha uzembe.

Programu ile iliandikwa na marehemu kaka yake Kitinda, mwandishi wa programu pale, ndiye aliyemfundisha kazi. Ilikuwa na kufuli moja tu, amri ya kuruhusu mmoja mmoja kuifikia diski, na vichakataji vyote, bongo za mashine, vilipanga foleni kulingoja, kama wapangaji wa nyumba nzima wanaogombea choo kimoja. Zamani diski zilikuwa goigoi, haikudhuru. Hii mpya ilikuwa na kasi ya ajabu, na ilikaa bure ikisubiri foleni.

Kitinda, kitindamimba wa kwao na mkaidi kuwapita wote, akalivunja kufuli, kila kichakataji akakipa njia yake. Kisha akatimiza mwiko. Akahamishia kwenye diski ile, kwa pamoja, rekodi za sauti mbili alizobakiwa nazo duniani: ya mama akiimba, na ya kaka akieleza kazi. Nakala hakuacha.

Kasi ikapaa. Msimamizi akapiga makofi.

"Dada, umetisha! Haya, sikiliza mali yako kama iko salama."

Akavaa hedifoni, akafungua sauti ya mama. Hakukuwa na wimbo.

"Mwanangu, umekula?"

"Bado, mama," akajibu kaka. "Namngoja Kitinda."

Kitinda akazibana hedifoni masikioni. Akajiambia data zimechanganyika, njia mbili zimeandika mahali pamoja. Kosa la kawaida la mwenye haraka. Lakini maneno yale hayakuwamo katika rekodi yoyote. Na mama alikufa miaka mingi kabla ya kaka kurekodiwa.

"Atakuja tu," mama akasema. "Siku hizi mlango hauna kufuli."

Wangapi wangetoa roho zao wasikie mazungumzo kama yale! Kitinda aliogopa. Akalirudisha kufuli la kaka mbio mbio, akawasha mashine upya, akasikiliza tena.

Kimya. Kisha sauti ya kaka, peke yake, karibu kabisa na sikio.

"Mama? Mbona umenyamaza?"

Halafu taratibu, kama alivyokuwa akimwita akikosea kazi:

"Kitinda. Mama amebaki nje. Nani amefunga?"

Msimamizi akamgusa bega. "Vipi, ziko salama?"

Kitinda alikuwa analia.