Tabia Iliyokaa Juu ya Kabati

Kila asubuhi kinyozi alichemsha chai mwenyewe, na mtaa mzima ulimsifu kwa hilo. Asubuhi moja alikuwa ameshika kijiko juu ya kikombe cha mkewe, fundi cherehani, mke aliposema, "Mume wangu, yangu naomba isiwe na..."

"Majani mengi," kinyozi akamalizia, akamtilia sukari.

Mke akainywa. Hakupenda sukari tangu utotoni, lakini sentensi hiyo haikuwahi kufika mwisho tangu waoane. Siku moja alijaribu kuanzia na neno lenyewe, "Sukari...", akamaliziwa "imeisha", na kinyozi akatoka mbio kununua kilo mbili.

Hata hivyo, si chai iliyompeleka kinyozi kutibiwa. Ni bwana harusi mmoja aliyekaa kwenye kiti na kusema "Nipunguzie...", akamaliziwa "zote". Picha za harusi zilipotoka, wateja wakaanza kumkwepa.

Mtaalamu wa hipnosisi, tiba ya kumlaza mtu kwa maneno, alikuwa mama mmoja wa sauti laini, mwenye ofisi juu ya duka la viatu. Alimlaza kinyozi kwenye kochi, akamwambia kope zake ni nzito, mabega yake mazito, na alipoona amelainika kama unga uliokandwa vizuri, akaiamuru tabia ya kukatiza watu itoke. Ikatokea sikio la kushoto. Ilikuwa na kimo cha kuku, imevaa koti jeupe la kinyozi, na ilikohoa kidogo kwa adabu.

"Hapa hatuhifadhi," mtaalamu akasema. "Nenda nayo, ila isirudi sikioni."

Nyumbani ikachagua kukaa juu ya kabati la vyombo, na mke akaipangusia vumbi. Alifurahi, maana mumewe sasa alikaa kimya, mikono magotini, anamsikiliza.

"Mume wangu, chai yangu isiwe na..."

"Chumvi," ikasema Tabia kutoka juu.

"Sijawahi kukutilia chumvi, mke wangu," kinyozi akasema kwa upole. Alikuwa amesikiliza mpaka mwisho. Akatia sukari.

Mama mkwe alipokuja kuwatembelea aliipenda Tabia mara moja, akasema inafanana na mwanawe alipokuwa mdogo. Habari za mkamwana akaziulizia huko huko juu ya kabati, na akaridhika nazo.

Mke akashindwa kuvumilia. Akafunika cherehani yake, akapanda ngazi za duka la viatu.

"Nimekuja kwa sababu..."

"Najua," mtaalamu akasema. "Mumeo alinieleza. Una tabia ya kutomaliza sentensi."

Machozi yakamlengalenga, lakini akalala kochini. Miisho yote ya sentensi zake, iliyokwama kooni miaka yote hiyo, ikaanza kutoka sikioni mmoja mmoja, kila mmoja mdogo kama kifungo cha shati. Ikamfuata nyumbani imeshikana mikono, ikalala ndani ya kikapu cha nyuzi.

Asubuhi miisho hiyo ikakizunguka kikombe chake, ikasema kwa zamu, wazi kabisa: "Sukari. Sukari. Sukari. Sukari."

Hata Tabia ilinyamaza. Kinyozi akaisikiliza yote, mikono magotini, mpaka wa mwisho. Huruma ikamjaa.

"Pole sana, mke wangu," akasema. "Kumbe siku zote nilikuwa nakupunja."

Akaongeza vijiko viwili.