Joto la Spika

...kwa sababu tofauti haipo, Nyakio anamsikia mwanamke yuleyule akiimba, kwenye spika ya kwanza na hii ya pili, yuleyule, hajaongeza wala kupunguza, na huyu Naeem mwenye duka kasimama na kidole juu ya kitufe kama daktari aliyeshika sindano, anasema hiyo sasa ndiyo ya nyota tano, mama, sikiza inavyopumua, ipumue nini na ni mbao, lakini mwanawe Mbugua ameegemea ukuta, gazeti lake la Uingereza linalozipa spika nyota kalikumbatia kifuani, anatikisa kichwa kwa raha, "Maitu, si unasikia hiyo joto kwa sauti?" joto! basi sauti imeshikwa na malaria, na ndivyo walivyoandika, mtu mzima na miwani yake akakaa akaandika kwamba sauti ina joto... "Wewe ndiye sikio ya kanisa," anasema Mbugua, "wewe ndiye utaniambia nichukue gani," na hajui, maskini, kwamba mamake hakutoka mtaani kwake Satellite asubuhi yote hii kwa ajili ya spika zake, amekuja kulipima sikio lenyewe, maana tangu akiwa msichana yeye ndiye huanzishia kwaya wimbo, bila kinanda, anafungua mdomo tu na sauti iko palepale inapotakiwa, mpaka Jumapili iliyopita alipoanzia juu, juu kabisa, akina mama wakapiga kelele kama kuku wanaofukuzwa jikoni, na Debra, huyo aliyeingia kwaya juzi juzi, akasema kwa upole mbaya, kama mjukuu kwa bibi, Shosho, labda masikio yamechoka, tuwe tunatumia kinanda, na wote wakatazama viatu vyao, hata Lornah, ambaye Nyakio mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuimba... kwa hiyo hapa, kwenye kiti hiki cha ngozi, ni mawili, ama sikio limekufa ama nyota ni za uongo, na yeye hajui ni lipi. "Nirudie, mama?" ngoja kwanza, lete hilo gazeti, Kiingereza chake ni cha shule ya msingi lakini nyota hazihitaji Kiingereza, anafunua, nne, tano, nne, tano, tano, "Yenye nyota moja iko wapi?" Naeem anacheka, "Ah, mama, mbovu nani ataiandika?" hata mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa na wa mwisho, akaitwa jina mbele ya watu, huku wote wamepita, darasa gani hili, na ona, ukurasa unaofuata spika hiyohiyo inatangazwa, imepigwa picha kama bibi harusi, aha, amelishwa huyu mwandishi... lakini hebu, picha yake hii hapa chini, shingo nyembamba, macho ya mtu anayelipa nauli bila kuulizwa, halishwi huyu, sasa mbona... na hapo anamwona babake, siku ile watu wa mchumba wa dadake Nyakio walipoleta muratina, kibuyu kimefunguliwa, wazee wote kimya wakimtazama mdomo, kwa sababu yeye ndiye aliyejua pombe kuliko wote ukoo mzima, akaonja, akafuta masharubu, akasema, hii imeiva, na wageni wakashusha pumzi, halafu jikoni akamwambia mama, sijaonja kitu leo, nina homa, ulimi ni kama ubao, na hakuna aliyemhonga, hakuna, ila angesema nini, wote wakimtazama mdomo? basi hata huyu wa shingo nyembamba, spika zimeletwa kwake kwa gari, dunia nzima inangoja, anasikiliza ya kwanza, ya pili, yuleyule mwanamke, aseme sijasikia kitu? wataleta kinanda! anaandika joto, anaandika inapumua, na nyota hazikuwa za spika hata kidogo, alikuwa anayapa masikio yake mwenyewe... na Nyakio anashtuka, maana mdomo wake uko wazi tayari, maneno yako kwenye ulimi yamevaa viatu, hii ya pili ndiyo tamu, Mbugua, hii ina joto, alikuwa anakwenda kuyasema, yeye, aliyemcheka mwandishi. "Basi Maitu, unasemaje?" mwanamke bado anaimba, kidole cha Naeem bado kiko palepale, juu ya kitufe.

"Geuza hiki kiti, kiangalie mlango."

"Mlango wa nini tena?"

"Geuza. Na wewe Naeem, cheza kwanza upendayo, halafu ubadilishe utakavyo, au usibadilishe, usiniambie. Ukikohoa nimekujua."

Naeem anamtazama Mbugua, Mbugua anakuna shingo, kiti kinakwaruza sakafu, sasa spika zote mbili ziko mgongoni kwake na mbele ni mlango wa kioo, watu wanapita na mifuko yao.

"Na ukose kusikia tofauti, Maitu?"

"Basi utaniletea nyingine, ile mbovu ambayo hawakuiandika, tuone kama hiyo nitaijua. Bonyeza."