Figo ya Tatu

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wananiita Pilipili, na wanadhani sijui. Siwalaumu. Hasira zangu ziko karibu kuliko chaki, na mwezi ule zilikuwa karibu zaidi.

Mdogo wangu, kitindamimba ambaye mpaka leo tunamwita Kitinda ingawa ana ndevu, figo zake zilikuwa zimegoma. Mara tatu kwa wiki alilala kando ya mashine ya kusafisha damu. Nilipimwa, figo yangu ikaonekana inamfaa, daktari akatupa tarehe. Lililobaki ni neno la Mama. Kitinda alikuwa ameapa kwamba bila baraka ya Mama haingii chumba cha upasuaji, na Mama, fundi cherehani kwa miaka arobaini sasa, kila tulipoanza kumgusia alikanyaga cherehani mpaka sauti zetu zikamezwa.

"Wanangu wawili chini ya kisu siku moja?" alisema mara moja tu. "Sasa hivi nalia kwa jicho moja. Mnataka nilie kwa yote mawili?"

Baada ya hapo, kimya. Nami nilikiogopa, maana kimya kingi kina mshindo mkuu.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, mtaala ukanifikisha kwenye somo la kuchangia viungo. Nikamwomba Mama anishonee aproni ya kufundishia, yenye moyo, ini, mapafu na figo za kitambaa, kila kimoja na kifungo chake ili wanafunzi waweze kuvitoa na kuvirudisha. Nikampa mchoro niliouchora kwa rula. Aliushika kwa ncha za vidole.

"Vipimo vya karatasi sikati," akasema.

Hiyo ndiyo sheria yake. Hata bibi harusi akiwa safarini, atamsubiri arudi ampime mwenyewe kwa utepe. Tena hufikiri sana kabla ya kukata, kwa sababu mkasi ukishapita, anasema, hakuna kuomba radhi.

"Mama, ni ini la kitambaa, haliendi harusini!" nikafoka.

Akaukunja mchoro, akaulaza chini ya mkasi, akaendelea na upindo wa watu.

Siku ya somo ikafika, aproni haikufika. Nikaanza hivyo hivyo, nimevimba kama andazi. Nikawaeleza kwamba mtu akifariki anaweza kuacha macho, moyo, hata ngozi na mifupa, vikawafaa watu wengi. Kwamba aliye hai anaweza kutoa figo moja akaishi vizuri na iliyobaki. Na kwamba uamuzi wako uuseme nyumbani mapema, maana siku ya msiba hakuna mwenye akili ya kubahatisha ulitaka nini. Kisha nikaongeza, kwa sauti ya mjuzi, "Figo mbovu hutolewa, na nzima huwekwa mahali pake."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama, utepe shingoni, furushi kwapani. Darasa zima likasimama.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni. Nataka kuona nguo inavyokaa."

Aliyejitolea kuvaa alikuwa binti tunayemwita Redio, kwa kuwa hazimiki. Akajitazama, akafungua kifungo cha kwanza.

"Moyo huu hapa. Si mnasema kutoa ni moyo? Basi naanza nao!" Wenzake wakagonga madawati. Akageuka, akapapasa kipande cha nyuma cha aproni, akahesabu. "Figo moja... mbili..." Akarudi mbele, akapapasa chini ya tumbo. "Tatu! Mwalimu, huyu mtu ana figo tatu!"

"Bibi kamwekea ya akiba!" mmoja akapiga kelele, na darasa likavunjika kwa kicheko.

Damu ikanipanda. "Mama! Si nilikuchorea mbili?"

Mama akaja mbele bila haraka. "Mwalimu, nimekusikia toka mlangoni. Umewadanganya watoto."

Kicheko kikakatika. Hakuna aliyewahi kumwambia Pilipili neno hilo.

"Figo mbovu kwa kawaida haitolewi," akasema. "Inaachwa pale pale nyuma. Mpya inawekwa huku mbele, chini, karibu na nyonga. Ni kama kiraka, unakishona juu, hufumui suruali nzima."

"Nani kakwambia?"

"Nesi wa mashine. Nimeshinda naye hospitali jana. Nikamwambia aniwekee kidole palipo, nami nikapima kwa utepe."

Aibu ikanishika. Miezi minne nilisoma kila kitu kuhusu figo itakavyotoka kwangu, nisiulize hata siku moja itakwenda kukaa wapi.

Ndipo nikavitazama vitambaa. Figo mbili za mgongoni zilikuwa za kijivu, za shati kuukuu la Kitinda. Ya tatu ilikuwa ya njano yenye madoa meupe. Nikaijua mara moja. Ni gauni alilonishonea siku yangu ya kwanza shuleni, lililokaa chini kabisa sandukuni mwake miaka thelathini, hataki liguswe.

"Umelikata?" nikauliza.

"Nimelikata. Mwambie mdogo wako ajiandae."

Nikalia mbele ya kidato cha tatu, Pilipili mzima, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata darasani. Mama akawaeleza kwa maneno mawili aproni ile ni nani, na ile ya njano ni ya nani. Wakapiga makofi mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia dirishani.

Redio peke yake alikuwa ameinama, anahangaika na tumbo lake.

"Bibi," akasema, "hii ya njano haina kifungo. Haitoki."

"Iache," Mama akamjibu, akiuvua utepe shingoni. "Hiyo nimeishona kwa uzi mara mbili."